Imani Hairithiwi



Ijumaa hii naomba niseme na sisi tuliozaliwa kanisani. Tulibebwa mgongoni kwenda ibadani kabla hatujajua kutembea. Tukaimba kwaya ya watoto, tukakariri katekisimu, tukapata kipaimara, na vyeti mama akavitunza kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Shamba tutaachiwa. Imani, la.

Samweli alimsikia Mungu tangu utotoni. Lakini wanawe, Yoeli na Abiya, walipokuwa waamuzi Beer-sheba, walikula rushwa na kupotosha hukumu. Yosia naye alizaliwa na Amoni, mfalme mwovu, akatawazwa akiwa na miaka 8. Katika mwaka wa 8 wa kutawala kwake, angali kijana, akaanza kumtafuta Mungu wa Daudi. Nyumbani kwao hapakuwa na baba wa kumwonyesha njia.

Nasi Afrika Mashariki tumeyaona hayo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliofuata ulienea hadi Kenya na Tanganyika, na wengi walioguswa walikuwa wamebatizwa zamani: walimu wa kanisa, wahudumu wa hospitali za misheni. Walisimama mbele ya wenzao wakatubu, wakarudisha vitu walivyoiba. Fikiria mtu anayeongoza sala kila siku, kisha anabisha hodi kwa mwajiri wake, mkononi ana shuka la hospitali. Hapo hakuna kusema mimi ni mtoto wa mchungaji.

Kisha Kenya, miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao wa uamsho walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na wengi wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Wako waliouawa. Mtu hafi kwa ajili ya imani ya baba yake.

Sisemi wazazi wamefanya kazi bure. Paulo aliwataja Loisi na Eunike kwa heshima, bibi na mama yake Timotheo, ila karama iliyokuwa ndani ya Timotheo alimwambia aichochee mwenyewe.

Basi kijana, nawe mzee wa kanisa mwenye kiti chako cha mbele, usiku huu funga mlango, piga magoti, mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe kama unamwamini au bado. Usiogope kumwambia bado.