Bakuli Moja, Roho Ngapi?

Goesan ni mji mdogo Korea Kusini, mkoa wa Chungcheong Kaskazini, na migahawa yake inasifika kwa supu ya konokono wa mtoni. Najua wengi mmeshakunja uso. Subirini kidogo. Konokono hawa ni vidudu vyembamba, vyeusi, vinavyojishika kwenye mawe. Kikorea sanifu kinawaita daseulgi, wenyeji wa Chungcheong wanawaita olgaengi, na kule Gyeongsang ni godi. Kitu chenye majina yote hayo, ujue watu wamekipenda siku nyingi.

Kazi yake sasa! Wanaokotwa mtoni, wanalowekwa wateme mchanga, wanachemshwa mpaka maji yanageuka kijani. Kisha mtu anakaa na sindano: anachoma, anazungusha ganda, nyama inatoka imejiviringa. Mmoja. Anachukua mwingine. Ndipo nyama inarudi kwenye mchuzi wa doenjang, yaani soya iliyochachushwa, pamoja na mboga za majani. Bakuli moja linakula makumi kwa makumi. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila hapa kila haba ilikuwa na uhai.

Na swali linaanzia hapo. Ng'ombe mmoja akichinjwa, mtaa mzima unakula. Supu hii anainywa mtu mmoja, pengine anazimua tu pombe ya jana, na roho zote zile zimekwenda. Kama ubaya wa kuua unapimwa kwa hesabu, basi mla ng'ombe ni mtakatifu mbele ya mla konokono. Nani anaamini hivyo kweli?

Jibu la haraka ni kwamba konokono hahisi. Mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama, aliweka mpaka mahali fulani kati ya kamba na chaza. Baadaye akabadili mawazo kuhusu chaza nao. Mpaka unaohama namna hiyo si wa kulalia usingizi. Na konokono ana kichwa, ana pembe, ukimgusa anajificha. Jiwe halifanyi hivyo.

Mimi naona tatizo ni kuhesabu kwenyewe. Anayehesabu anadhani mezani wapo wawili tu: yeye na mnyama. Hebu twende Muju, wilaya iliyo kusini zaidi. Huko kuna vimulimuli ambao viluwiluwi wao huishi majini na kula konokono hawa hawa. Mwaka 1982 serikali iliyatangaza makazi ya vimulimuli hao pamoja na chakula chao kuwa hazina ya asili ya taifa. Tazama ajabu yake: konokono analindwa ili mwingine amle! Sheria haikuuliza anahisi maumivu kiasi gani. Iliuliza nani mwingine anamtegemea.

Halafu kuna roho ambazo mla supu hazihesabu kabisa. Kila kiangazi Korea kuna watu wanaozama wakiokota konokono. Mtu ameinama, macho yako chini ya maji, anafuata jiwe moja baada ya jingine, mguu unateleza kwenye ukoka wa kijani, na hatua inayofuata ni kina kirefu. Wanaookota usiku, konokono wanapotoka mafichoni, wako hatarini zaidi.

Kwa hiyo sisemi supu hiyo isinywewe. Nasema swali la "nimeua wangapi?" ni dogo mno kwake, na linamtoa mtu kirahisi: unapata namba, unatulia, unaagiza bakuli la pili. Swali zito ni mbili: nimemwachia nani mtoni, na nani aliingia majini kwa ajili yangu? Anayejiuliza hayo hataokota wachanga, hatakomba mto hadi mawe yabaki matupu, na akiletewa bili hatabishana bei na yule aliyeshika sindano tangu alfajiri.