Picha Inayobaki

Video haiishi yenyewe. Hadithi ya mdomo huisha msimuliaji anapochoka au moto unapozimika, na ngoma huisha wachezaji wanapokwenda zao. Lakini video huisha pale alipoamua mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta. Hapa Ngulyati, kama katika vijiji vingine vya Bariadi, vijana wanaoifanya kazi hiyo sasa si wachache. Hurekodi ngoma, harusi na mazishi, kisha huviweka kwenye YouTube ili ndugu walioko Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo nao wavione. Nimeona kwamba wengi wao humalizia kwa namna moja: mwendo unakoma, na picha moja inasimama kimya mpaka mwisho.

Iko sababu ya kazi. YouTube humruhusu mwenye video kutumia sekunde 5 hadi 20 za mwisho kuweka visanduku vya kumpeleka mtazamaji kwenye video nyingine. Mwendo ukiendelea nyuma ya visanduku hivyo, macho hutawanyika. Basi picha hugandishwa. Sina ugomvi na sababu hiyo, kwani kijana naye anatafuta riziki. Ninalojiuliza ni jingine. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa kila sekunde, maana yake dakika 10 ni picha 18,000. Moja ikiteuliwa kati ya hizo ikaambiwa ibaki, inamfanyia nini mtu aliyemo ndani yake?

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1959 Mfaransa François Truffaut alimaliza filamu yake ya kwanza ndefu kwa mvulana aliyetoroka kizuizini akakimbia mpaka baharini. Anafika majini, anageuka kututazama, na hapo uso wake unaganda. Miaka kumi baadaye, filamu ya Kimarekani ya Butch Cassidy and the Sundance Kid ilimalizia kwa majambazi wawili wakichomoka na bastola mikononi mbele ya kikosi cha askari. Picha inasimama, milio ya bunduki inaendelea. Tunajua kwamba wanakufa, ila hatuwaoni wakifa. Watu wa pwani wangeiita hiyo stara: kumfunika mtu mahali ambapo hawezi tena kujifunika mwenyewe. Mvulana wa Truffaut, kinyume chake, hakufunikwa kwa lolote. Ameachwa wazi, hana pa kwenda mbele wala nyuma, na sisi tunaendelea kumkodolea macho. Kumbe kitendo ni kilekile, lakini kimoja kinasitiri na kingine kinaanika.

Nisingalilifikiria sana jambo hili kama mama mmoja jirani yangu asingalifariki. Alikuwa mkulima wa pamba, mjane, mwenye umri mkubwa, na alikufa kitandani mwake. Kijana aliyerekodi mazishi aliongeza mwishoni kipande kifupi ambacho mjukuu alikuwa amekipiga kwa simu miezi michache kabla: marehemu yuko jikoni, anapuliza moto wa mabua ya pamba, moshi unamfunika, anapangusa macho kwa khanga, kisha anainua uso na kumcheka mjukuu wake. Kicheko kile ndicho kijana alichokigandisha. Ni picha nzuri, ukiiona utatabasamu. Lakini macho ni mekundu sana.

Msomaji wa mbali huenda asione shida iko wapi. Katika nchi ya Usukuma, hasa miaka ya 1980 na 1990, wakati Bariadi ingali sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, wanawake wazee wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na wekundu wa macho ulihesabiwa kuwa ushahidi. Hao walikuwa wanawake waliopika maisha yao yote kwa kuni, mabua na samadi kavu, ndani ya vijumba visivyo na madirisha. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini mkoa mpya haufuti macho ya watu ya zamani.

Mtoto wa kiume wa marehemu, aliyeko Mwanza, alipiga simu. "Baba mdogo," aliniambia, "mwambie kijana ayasafishe yale macho, programu ya kufanya hivyo anayo. Au aweke picha ya kadi ya mpiga kura." Nilimkumbusha kwamba picha ya kadi humfanya kila mtu afanane na mtuhumiwa. Hakucheka. "Video hii itaonwa na watu wasiomjua mayu. Watasema. Na dada ndiye atakayebaki hapo kijijini, si mimi."

Dada yake aliposikia hivyo alisema maneno machache tu: "Baba mdogo, macho hayo yametupikia."

Nilikaa na maneno ya wote wawili kwa siku kadhaa. Kaka hakuwa mwoga wala hakumwonea mama yake aibu. Alitaka stara, na alikuwa na haki ya kuitaka, kwa kuwa tuhuma ya uchawi ina desturi ya kumfuata binti baada ya mama. Hata hivyo, kuyafanya meupe macho yale ni kukiri mbele ya mshtaki kwamba wekundu ni hatia, ila sisi tumeifuta. Mtu hasafishi pasipo uchafu. Tena, uzito wa neno la dada ulikuwa katika jambo lile lile alilolitaja kaka: yeye ndiye anayebaki. Kama kuna hatari, ni yake, na mtu anayeibeba hatari hawezi kusitiriwa kwa nguvu na yule aliye mbali nayo.

Lakini bado sikuridhika na picha kama ilivyokuwa, na nilichelewa kutambua kwa nini. Nilipoitazama video kwa mwendo wake, macho yale hayakunisumbua hata kidogo. Nilikuwa nimeona mabua, nimeona moshi, nimeona khanga ikipangusa. Wekundu ulipokuja nilijua umetoka wapi. Mwendo ulipokoma, chanzo kilikatwa, tokeo likabaki peke yake. Nadhani hapo ndipo penye dhuluma ya picha inayosimama. Haisemi uongo, maana kila kilichomo kilitokea, lakini inamchukua mtu mwishoni mwa jambo na kumwacha hapo bila sababu zake. Wale waliowahukumu vikongwe nao walifanya vivyo hivyo. Waliyatazama macho, hawakuutazama moto.

Nilikwenda Bariadi mjini kwa kijana yule nikamwomba airudishe picha nyuma kidogo kidogo. Alikuwa na subira. Tulirudi picha kama 60, yaani sekunde mbili, mpaka mahali ambapo mama amekwisha kuinua uso na kicheko kimeanza, lakini moshi bado umetanda upande wake wa kushoto na ncha ya khanga ingali shavuni. Macho ni yale yale, mekundu. Kijana alilalamika kwamba picha haina usafi na kwamba uso hauonekani wote. Ni kweli, kama picha ile ya kwanza ni nzuri zaidi, sikatai.

"Mzee, na visanduku vyangu niviweke wapi?"

Nikamwonyesha upande wa moshi. Akavipanga viwili, kimoja chini ya kingine, uso ukabaki huru. Dada aliiona akanyamaza kwa muda, kisha akamtumia kaka yake. Kaka hajasema kitu hadi leo, ila wiki iliyopita mjukuu aliniambia kwamba baba yake ameiweka picha ile kwenye simu yake.