Amani na Imani: Je, Mwili Wenye Hofu Waweza Kuabudu?

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuwaeleza wanafunzi wetu kwamba maneno amani, imani, amini, amana, na hata lile amina tunalofungia dua, yana shina moja katika lugha za Kisemiti, shina lenye maana ya kuthibitika na kuwa salama. Mara nyingi somo huishia hapo, nasi hugeukia msamiati mwingine. Lakini ndani ya shina hilo limo swali zito ambalo lafaa kutazamwa na kila mtu anayesali na kila mtu anayewahimiza wengine wasali: je, mwanadamu asiyekuwa na amani ya mwili aweza kuwa na imani iliyotulia? Au imani ndiyo itangulie, kisha amani ya mwili ifuate nyuma yake?

Swali hili si la kuchezea akili. Mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa hiyo watu wa Juba wamekuwa ndugu zetu katika lugha hii pia. Wengi wao waliijua kwanza walipokuwa wakimbizi huko Kenya na Uganda. Tuutazame basi mtaa wa Lemon Gaba, mmojawapo wa mitaa ya makazi ya mji huo. Jina lake ni la Kiarabu cha Juba, nalo lakumbusha ndimu na msitu. Ni jina la mahali pa kivuli. Lakini mji wenyewe umepita katika jua kali. Je, ni vita vilivyozuka mwaka 1983? La, hivyo vya 1983 vilikuwa vita vya wazazi. Vya watoto wao vilianza tarehe 15 Desemba 2013, miaka miwili na nusu tu baada ya uhuru, vikarudi tena mjini Julai 2016. Maelfu ya watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa na viwanja vya makanisa. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Septemba 2018, lakini hata baada ya hapo wakazi wa mji wameendelea kuwataja kwa hofu watu wenye bunduki wasiojulikana, wanaokuja usiku.

Tumfikirie mama mmoja wa mtaa huo, kwa njia ya mfano tu. Amewalaza watoto, amepiga magoti, amefumba macho. Mara mbwa anabweka. Midomo yaendelea kusali, lakini masikio yamekwisha kutoka nje, yanahesabu nyayo. Je, tuseme mama huyu ana upungufu wa imani?

Wako watakaosema hivyo. Mimi nasema hapana. Hofu si wazo ambalo mtu aweza kulifukuza kwa kulikemea. Mtu ashtukapo, tezi zilizo juu ya mafigo humimina adrenalini katika damu. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na fahamu zote hutafuta adui alipo. Ndivyo Muumba alivyotuumba ili tuishi. Tena mwili una kumbukumbu yake. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bunduki zaweza kunyamaza leo, na mwili ukaendelea kuzisikia kwa miaka mingi. Kumwambia mtu wa namna hiyo atulie na kutafakari ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu acheze ngoma.

Hapa msomaji aweza kupinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atauliza: mbona Paulo na Sila waliimba usiku wa manane wakiwa gerezani Filipi, miguu yao imefungwa kwenye mkatale? Mbona Bilali, mtumwa wa Makka, hakuikana imani yake alipowekewa jiwe kubwa kifuani juu ya mchanga wa moto? Je, si katika hatari ndipo watu husali zaidi?

Ni kweli. Lakini tuuangalie mfano wa Bilali hadi mwisho wake. Chini ya lile jiwe aliweza kutamka neno moja tu, la kukiri kwamba Mungu ni Mmoja. Neno hilo lilikuwa kubwa, wala hapana awezaye kulidharau. Hata hivyo Abu Bakari hakusimama kando akaisifu subira yake. Alitoa mali, akamnunua, akamwacha huru. Na ni baadaye, huko Madina, Bilali alipokuwa salama miongoni mwa ndugu, ndipo sauti yake ilipopaa, akawa muadhini wa kwanza, akiwaita wengine waje kusali. Kifua kilichokuwa chini ya jiwe kilitoa neno moja. Kifua kilichofunguliwa kiliita mji mzima.

Yafaa basi tutofautishe kilio na ibada. Kilio cha mwenye hofu ni sala ya kweli, nami naamini chafika. Lakini maisha ya kiroho si kilio peke yake. Kuna kushukuru, kuna kutafakari, kuna kujichunguza nafsi; na gumu kuliko yote, kuna kumsamehe aliyekukosea. Haya yahitaji moyo uweze kukaa mahali pamoja. Watu wa Juba wamehimizwa mara nyingi wasameheane, na wahimizaji wana haki, kwa maana bila msamaha nchi haiponi. Lakini ni vigumu mtu kumsamehe mkono ambao bado anautazamia mlangoni usiku huu.

Vitabu vitakatifu navyo havikudharau mwili. Nabii Eliya, alipomkimbia Yezebeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Baada ya hayo ndipo alipokwenda mwendo wa siku arobaini mpaka Horebu, akaisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Nayo Sura ya Makureshi katika Kurani yawataka watu wamwabudu Mola aliyewalisha wasife njaa na kuwapa amani wasiwe na hofu: shibe na usalama vyatajwa kuwa neema inayomwita mtu kwenye ibada. Yapata mwaka 615 Waislamu wa kwanza walivuka bahari kwenda Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, ili wapate mahali pa kumwabudu Mungu bila kuteswa.

Tusisahau pia kwamba ibada yenyewe huweza kuutuliza mwili. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia watu 23 nchini Italia, wakaona kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulipunguza mwendo wa pumzi hadi kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaufuata utaratibu huo. Mama wa Lemon Gaba aimbaye pamoja na wenzake kanisani anapata kitu cha namna hiyo: pumzi yake yafuata pumzi za wengi, na kwa saa moja mwili hukubali kwamba hauko peke yake. Lakini wimbo hauwi badala ya mlango imara. Kiongozi anayewapa watu nyimbo tu, hali aweza pia kuwatafutia ulinzi, amewapunja.

Sheria ya Kiislamu inayo sala ya hofu, ambayo huswaliwa vitani. Jeshi hugawanyika mafungu mawili: fungu moja likiswali, la pili husimama na silaha kulinda, kisha hubadilishana. Naona katika utaratibu huo jibu la swali letu. Hawakuambiwa wote wasujudu na kuipuuza hatari, wala hawakuambiwa waache sala mpaka hatari ipite. Waliambiwa walindane. Ulinzi wa yule aliyesimama ni sehemu ya sala ya yule aliyesujudu.

Kwa hiyo usalama wa mwili si tuzo apewayo mwenye imani nyingi. Ni deni. Serikali yadaiwa, jumuiya ya waumini yadaiwa, jirani naye adaiwa. Anayekesha zamu mtaani, anayemsindikiza mjane kutoka ibada ya jioni, anayemsikiliza aliyeshtuka bila kumharakisha apone, wote hao watenda kazi ya kiroho, hata kama hawajafungua kitabu.

Nasi walimu tusijitoe. Mtoto aingiaye darasani na hofu ya kiboko au ya habari za nyumbani hawezi kusoma wala kusali kwa moyo wake wote. Tunapomwandikia ubaoni maneno amani na imani, tumweleze kwamba ni ndugu wa shina moja. Kisha darasa letu liwe mahali ambapo mwili wake waweza kuliamini somo hilo.