Kutumia kidogo: ni umaskini ao ni hekima?

Wenzetu wengine wanaandika juu ya ndoa, kilio na majina ya bankambo. Sisi tunapenda kuuliza neno moja juu ya nyumba, kwani nyumba nayo ni desturi. Neno lenyewe ni hili: mutu anayetumia umeme kidogo, je, ni maskini ao ni mwenye hekima? Siku hizi, wakati lupango nyingi mu Lubumbashi zinatafuta pano ya jua, swali hili linagusa mfuko, linagusa pori, linagusa hata masomo ya watoto.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, basi tukanunua pano ya wati 100 na batri. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali na mabati, bila plafo. Mu mwezi wa kumi, mvua haijaanza vizuri, ndani kulikuwa kama tanuru. Tukawasha vantilatere toka saa sita ya muchana. Saa mbili ya usiku, batri imekufa. Mtoto aliyekuwa anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali akasoma na mshumaa. Tukasema pano ni mbaya, muuzaji ametudanganya. Kumbe mwizi alikuwa nyumba yenyewe.

Tufanye hesabu, kama vile tunafanya mu darasa. Siku ya jua nzuri, pano ya wati 100 inaweza kutoa karibu wati-saa 400. Vantilatere ya wati 50, ikizunguka masaa 8, inakula wati-saa 400. Yote imeisha. Lakini ampuli tatu za LED, kila moja wati 9, zikiwaka masaa 5, zinakula wati-saa 135 tu. Kwa hiyo joto la mabati ndilo lilikula taa ya mtoto.

Nyumba za bankambo ku kijiji zilikuwa na ukuta mnene wa udongo na paa la nyasi. Udongo unapokea joto polepole na kulirudisha polepole. Nyasi, kwa sababu zimejaa hewa, zinazuia joto la jua. Paa lilishuka chini hata likafunika ukuta na kivuli. Tusidanganyane: zile nyumba zilikuwa na taabu zake. Moshi wa jikoni uliumiza macho na kifua cha mama zetu, nyasi zilishika moto, muchwa ulikula miti, na paa lilihitaji kurudiwa nyuma ya miaka michache. Sisi hatusemi turudi kule. Tunasema hivi: tulipochukua bati, tuliacha hekima pamoja na taabu.

Wengine hawakuiacha. Ku Burkina Faso, Francis Kéré alijenga shule ya kijiji chake Gando, iliyomalizika mwaka wa 2001. Alichukua udongo wa palepale, akauchanganya na saruji kidogo, akatengeneza matofali bila kuyachoma. Aliweka dari ya udongo, na bati akalinyanyua juu zaidi ili upepo upite katikati. Mwaka wa 2022 alipewa Pritzker, zawadi kubwa ya wajenzi wa dunia. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, kwa sheria ya mwaka wa 2010, ziliamua kwamba nyumba mpya zihitaji nguvu kidogo sana, na ile kidogo inayobaki itoke kwa sehemu kubwa ku jua, ku upepo na vingine visivyoisha. Tuangalie utaratibu: kwanza nyumba nzuri, nyuma yake pano. Sisi tulianza na mkia.

Lakini hapa kuna mtego. Mkubwa fulani anaweza kuchukua maneno haya na kuwaambia maskini: mtulie mu giza yenu, kutumia kidogo ni hekima. Hapana. Inchi yetu iko na Inga I ya mwaka 1972, megawati 351, na Inga II ya mwaka 1982, megawati 1.424. Waya ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, inapita juu ya vijiji vingi vinavyolala mu giza. Karibu Wakongo 80 kwa 100 hawana umeme. Hiyo si hekima, ni ukosefu wa haki. Kuhitaji kidogo kwa sababu nyumba yako inafanya kazi yake, ndiyo hekima. Kupata kidogo kwa sababu ulinyimwa, ndiyo umaskini. Tusichanganye.

Na yule mwenye kingi? Wanasema eti jua ni bure, basi tutumie ovyo. Jua ni bure, lakini pano na batri si bure. Batri zingine ziko na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu, kwa jasho la ndugu zetu. Matofali ya udongo wa kichuguu tunayachoma kwa kuni, na pori inazidi kuwa mbali na muji. Kila kinachopotea bure ndani ya nyumba, kuna mutu amekilipa.

Nyuma ya kosa letu, tuliweka plafo, tukaacha matundu chini ya paa ili hewa ya moto itoke, tukapaka bati rangi nyeupe, tukapanda muembe upande wa magharibi. Leo vantilatere inawaka siku chache tu. Pano ni ile ile, na taa zinafika mpaka watoto wamalize kusoma. Mwenye kujenga upya afanye vizuri zaidi: kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ukuta mkubwa. Mu mwezi wa sita, wakati baridi ya kipwa inauma, jua linapita upande wa kaskazini na kuingia mu madirisha bila malipo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbele ya kwenda kuuliza bei ya pano, uende kwanza kumuuliza mzee wako: juu ya nini paa lenu lilishuka vile?