Upepo wa Kawaida

Tarehe 17 Juni 2017, joto likiwa limepita nyuzi 40, moto ulizuka katika vilima vya Pedrógão Grande, katikati ya Ureno, ukaua watu 66. Wengi wao hawakufia nyumbani. Walifia barabarani, wakikimbia kwa magari kwenye njia iliyobanwa na mikaratusi na misonobari huku na huku. Septemba 2022 mahakama ya Leiria iliwaachia huru washtakiwa wote 11 waliohusishwa na vifo hivyo. Kwa macho ya mahakama hiyo, basi, watu 66 wameteketea na hakuna mwenye hatia. Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo mahakama haina uwezo wa kulijibu: kama hakuna mtu wa kuulizwa, je, aulizwe Mungu? Waumini wa kila dini wana jibu lao la haraka, na kwetu husemwa matangani: kazi ya Mungu haina makosa. Ninaloshikilia hapa ni kwamba kauli hiyo ina mahali pake, lakini mahali pake ni baada ya hesabu ya wanadamu kukamilika, na kwamba dini zenyewe, zikisomwa kwa makini, hazituruhusu kuitanguliza.

Ureno ina historia ya pekee katika mjadala huu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliipiga Lisbon makanisa yakiwa yamejaa. Mishumaa na meko vilipinduka, na moto uliofuata ukautafuna mji kwa siku kadhaa. Padri Mjesuiti Gabriel Malagrida aliandika kwamba ile ilikuwa ghadhabu ya Mungu juu ya dhambi za watu, akawalaumu waliohangaika kujenga vibanda vya kujisitiri badala ya kutubu. Mwandishi Mfaransa Voltaire naye alitunga shairi la kuwapinga wanafalsafa waliodai kwamba kila litokealo ni jema katika mpango mkubwa wa ulimwengu. Aliyeligeuza swali ni mwanafalsafa Rousseau. Katika barua aliyomwandikia Voltaire mwezi Agosti 1756, alimkumbusha kuwa si maumbile yaliyojenga maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba na kuzibananisha mahali pamoja, na kwamba wapo walioangamia kwa sababu walichelewa wakiokoa mali. Malagrida na Voltaire, pamoja na uadui wa fikra zao, wote wawili walitazama juu: mmoja akimtetea Mungu, mwingine akimhoji. Rousseau aliinamisha macho akatazama jinsi mji ulivyojengwa. Tangu hapo haikuwezekana tena kuzungumzia maafa kwa uaminifu bila kuuliza nini kilifanywa, au kuachwa bila kufanywa, kabla ya siku yenyewe.

Hata hivyo Rousseau hakuwa wa kwanza. Torati, katika Kitabu cha Kutoka sura ya 22, inaagiza kwamba moto ukizuka, ukashika miiba na kuteketeza miganda, ngano iliyo bado shambani au konde lenyewe, aliyeuwasha atalipa. Hakuna panaposemwa kwamba lazima awe amekusudia. Walimu wa Kiyahudi walioichambua sheria hiyo katika Mishna, mkusanyo wa karibu mwaka 200, waliongeza mipaka: moto ukiruka ukuta mrefu, barabara ya umma au mto, aliyeuwasha hadaiwi, kwa kuwa hapo umevuka kile ambacho mtu wa busara angetegemea kiuzuie. Talmudi, ufafanuzi wa Mishna uliokuja baadaye, ikaenda mbele zaidi ikauliza kuhusu upepo. Moto hausafiri wenyewe, hupelekwa. Je, mtu alaumiwe kwa kazi ya upepo, ambao hauko mikononi mwake? Jibu lao ni la kina kuliko linavyoonekana: kama ulikuwa upepo wa kawaida, analaumiwa, kama ulikuwa upepo usio wa kawaida, halaumiwi. Maana yake ni kwamba nguvu za maumbile hazimfutii mtu wajibu wake ikiwa alizijua au alipaswa kuzijua. Sehemu ya Mungu, kwa kusema hivyo, huanzia pale utabiri wa mwanadamu unapokoma, wala si pale mkono wake unapoishia.

Kipimo hicho ndicho tunachokihitaji leo, maana upepo wa kawaida umebadilika. Mwaka 2003 nchini Ureno ziliungua zaidi ya hekta 400,000 katika kiangazi kimoja. Mwaka 2017 zaidi ya hekta 500,000. Anayesema baada ya hapo kwamba joto la nyuzi 40 lenye upepo mkavu ni jambo lisilotarajiwa anatumia kalenda ya babu yake. Na kilichoungua hakikuota usiku mmoja. Vijana walihamia miji ya pwani na nchi za nje, wazee wakabaki vijijini, mashamba yaliyolimwa na kulishwa mbuzi yakageuka vichaka. Mikaratusi, inayokua haraka na kuvihudumia viwanda vya karatasi, ikatanda hadi kufikia takriban robo ya misitu ya nchi. Serikali inamiliki sehemu ndogo mno ya misitu hiyo. Iliyobaki imegawanyika katika vipande vidogo vya wamiliki wengi, baadhi wakiwa hawaishi hapo tena. Kila mmoja wao aliacha jambo dogo: ukingo wa barabara haukufyekwa, kichaka nyuma ya nyumba hakikuondolewa, kipande cha urithi hakikutembelewa. Mahakama haikukosa kazi yake iliposhindwa kumtia mtu hatiani, kwa kuwa sheria ya jinai hutafuta mkono mmoja uliounganika na kifo kimoja. Lakini hatia ya kuacha, ikigawanywa kwa watu elfu, haipungui kwa sababu hakuna mwenye fungu kubwa. Dini huijua hatia ya namna hiyo; ndiyo sababu Wakristo hukiri hata yale waliyoacha kuyatenda, na ndiyo sababu fikihi ya Kiislamu inayo faradhi ambayo jamii nzima hupata dhambi isipotekelezwa na yeyote.

Joto lenyewe linaitia nguvu hoja hii kuliko moto, kwa sababu joto halina mtu aliyewasha kiberiti. Jua huwaka juu ya wote, lakini haliui wote. Mwezi Julai 1995 joto kali liliua watu wapatao 739 mjini Chicago. Mtafiti Eric Klinenberg alilinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale, vyote vikiwa na maskini wengi na wazee wengi wanaoishi peke yao. Kimoja kilikuwa na kiwango cha vifo mara kumi ya kingine. Tofauti aliyoiona haikuwa ya hewa. Penye maduka na mitaa yenye watu, mzee alikuwa na pa kutokea na mtu wa kumwuliza hali. Penye mitaa iliyohamwa na yenye hofu, alijifungia ndani hadi akafa. Mwaka 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, mwezi Agosti ambapo jamaa wengi wako likizoni. Na katika Hija ya mwaka 2024, joto katika Msikiti Mtakatifu wa Makka lilipofikia nyuzi 51.8, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na zaidi ya mahujaji wanane katika kila kumi waliokufa walikuwa wameingia bila kibali, hivyo walitembea masafa marefu juani bila mahema wala pa kupumzikia. Kama joto lingekuwa hukumu ya Mungu tu, tungelazimika kuamini kwamba Mungu huwachagua wapweke na wasio na vibali. Ni heshima zaidi kwake kusema kwamba waliochagua ni sisi.

Muumini atapinga, na pingamizi lake si dogo. Atasema kwamba ajali na saa ya kifo vimeandikwa, kwamba kumfanya mwanadamu mhasibu wa kila kifo ni kiburi, na kwamba mtu aliyefia Hija au kanisani amepata mwisho mwema. Kuhusu mwisho mwema sina ubishi. Hata hivyo kifo kuwa na heshima hakumaanishi kwamba aliyekisababisha amesamehewa. Kuhusu kuandikwa, historia ya Uislamu ina kisa mashuhuri. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari za tauni na akaamua kurudi, sahaba Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Ukilitafakari jibu hilo, utaona halipunguzi kudura hata kidogo, linaipanua. Tauni imekadiriwa, na njia ya kuiepuka imekadiriwa vilevile, na akili ya kuchagua kati ya mawili hayo ni sehemu ya kilichokadiriwa. Ndiyo maana Mtume aliwafundisha masahaba kuzima moto kabla ya kulala, na kuchelewesha sala ya adhuhuri joto linapokuwa kali. Kama nguzo ya dini yenyewe husogezwa kidogo kwa ajili ya jua, vipi shughuli za shambani, sokoni na uwanjani zishindwe kusogezwa?

Pingamizi la pili ni la haki, na hutolewa zaidi na wasio na mali. Wanauliza kwa nini mkulima anayechoma mabua ahubiriwe wajibu, ilhali hali ya hewa imechafuliwa na viwanda vya mataifa tajiri kwa karne mbili. Ni kweli deni hilo lipo, na linapaswa kudaiwa. Lakini deni la mkubwa halilipwi na uzembe wa mdogo, na anayeungua kwanza ni yule asiyekuwa na pa kukimbilia. Zaidi ya hayo, wajibu ninaouzungumzia haumkatazi mkulima moto. Katika misitu ya miombo ya Tanzania, moto ni chombo cha kale cha kufungua shamba, kufuata asali na kuamsha majani ya malisho. Maofisa wa misitu wenyewe hutumia uchomaji wa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, ili moto wa mwishoni mwa msimu usipate cha kula. Marekani, iliyoagiza mwaka 1935 kwamba kila moto wa msituni udhibitiwe kufikia saa nne ya asubuhi inayofuata, ilijikuta baada ya miongo kadhaa na misitu iliyosheheni kuni. Kwa hiyo wajibu si kuuogopa moto. Ni kujua lini, wapi, kwa upepo gani, na nani amearifiwa. Anayewasha mwezi Juni akiwa na majirani zake na njia ya kuzuia moto iliyofyekwa ametimiza sheria ya Kutoka; anayewasha Oktoba alasiri peke yake amevunja makusudi yake, hata moto usipotoka nje ya shamba lake.

Lipo pingamizi la tatu, nalo linatoka ndani ya hoja yangu mwenyewe. Ikiwa hali ya hewa inazidi kuwa ya ajabu, je, si kila upepo sasa ni upepo usio wa kawaida, na kwa hiyo kila mtu ana udhuru? Ni kinyume chake. Udhuru wa walimu wale ulisimama juu ya kutojua. Leo mamlaka za hali ya hewa hutangaza joto na upepo siku kadhaa kabla, na jambo lililotangazwa redioni haliwezi kuitwa la ghafla. Kadiri elimu inavyopanuka, ndivyo uwanja wa udhuru unavyopungua. Ureno ilionekana kulielewa hilo baada ya 2017. Ilisimamia kwa ukali sharti la kusafisha mita 50 kuzunguka kila nyumba, na mwaka 2018 ikaanzisha mpango wa vijiji salama: kila kijiji mtu wake wa kuratibu, njia yake ya kutorokea, na jengo lake la kukimbilia. Kufikia 2023 idadi ya mioto kwa mwaka ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ile ya 2017. Septemba 2024 moto uliua tena, na hilo linatukumbusha kwamba wajibu hauahidi ushindi. Mwanadamu hadaiwi matokeo, anadaiwa maandalizi.

Hapo ndipo nyumba za ibada zinapoingia, na si kwa mahubiri peke yake. Mara nyingi msikiti na kanisa ndivyo vinavyojua ni mzee gani anaishi peke yake, nani anaugua moyo, nani hana kisima. Orodha hiyo, ikipangiwa watu wa kubisha hodi mara mbili kwa siku joto linapopanda, huokoa maisha kuliko dua ya mvua inayosomwa peke yake. Shughuli za mchana zikihamishiwa alfajiri au jioni, ukumbi wenye kivuli ukiachwa wazi, maji yakiwekwa mlangoni, uwanja wa kanisa na makaburi ukifyekwa kabla ya kiangazi kukomaa, ibada inakuwa imefanyika kwa mikono. Baada ya yote hayo, kama bado kuna atakayekufa, waombolezaji wana haki ya kuambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na wataisikia kama faraja. Wakiambiwa hivyo na watu ambao hawakufyeka, hawakubisha hodi na hawakusikiliza tangazo, hiyo si imani. Ni kumbebesha Mungu deni la kijiji.