Miche Chini ya Miti Mikubwa

Masomo: Mwanzo 2:8–15, Luka 19:1–10



Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Kanisa hutuita tuombee mashamba. Siku hizo hutukuta katika masika, udongo umelainika na jembe limo mkononi. Mwaka huu nawaomba tuyaombee mashamba huku nyuso zetu zikielekea msituni, kwa maana msitu wa Usambara Mashariki ni mama wa mashamba yetu na wa maji yetu.

Katika msitu hakuna kiumbe kiishicho peke yake. Jani hupokea nuru ya jua na kutengeneza chakula. Kiwavi hula jani, ndege hula kiwavi, mwewe hukamata ndege. Wakifa, na majani yakipukutika, mchwa, uyoga na vijidudu visivyoonekana kwa macho huvigeuza vyote kuwa mbolea, na mizizi huinyonya tena. Hondohondo hula matunda na kupeleka mbegu mbali na mti mama. Hata mkuyu, mti wa namna ile aliyoupanda Zakayo, hapa kwetu hauzai mbegu bila nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, ambaye huingia ndani ya kuyu na kulichavusha.

Wengi hudhani kwamba msitu mnene huota penye udongo wenye rutuba nyingi. Katika milima yetu sivyo. Udongo mwekundu umeoshwa na mvua za miaka isiyohesabika. Sehemu kubwa ya rutuba imo katika miti yenyewe, na katika tabaka jembamba la majani yanayooza juu ya ardhi. Ndiyo sababu shamba jipya hustawi miaka michache, kisha huchoka.

Sasa niungame. Baba yangu alikuwa na shamba la hiliki. Hiliki hupenda kivuli, kwa hiyo hatukukata miti mikubwa. Tulifyeka vichaka na miche yote iliyokuwa chini yake. Mpita njia akitazama juu alisema, "Huyu ameutunza msitu." Nilipokuwa mwalimu nikalirithi shamba lile. Ijumaa nilichora ubaoni mnyororo wa chakula, watoto wakanakili. Jumamosi nilishika panga nikafyeka miche. Sikuona kosa lolote.

Katika msitu ulio mzima, mche huweza kukaa kivulini miaka mingi, mwembamba kama fimbo, ukingoja. Siku mti mkubwa unapoanguka, nuru hushuka, na mche hukimbilia juu kuziba nafasi. Kwangu, upepo ulipoangusha mti wa kwanza, nuru ilishuka ikakuta patupu. Ukaanguka wa pili, kisha wa tatu. Hiliki ikaungua kwa jua. Mvua ikachukua udongo, na kijito kilicho chini ya shamba kikajaa tope. Majirani wa bondeni walichota tope lile, wala hawakujua kwamba ni langu. Vijito kama hicho huingia katika mto Zigi, nao ndio unaowapa watu wa mjini Tanga maji.

Ndugu zangu, Mungu alimweka mtu bustanini akampa kazi mbili: kulima na kutunza. Mimi niliishika ya kwanza nikaisahau ya pili. Dhambi yangu haikuwa ya shoka. Nilimnyima nafasi yule atakayekuja baadaye, na dhambi ya namna hiyo huchukua miaka mingi kuonekana.

Tuutazame na mtaa wetu. Sisi wazee tumesimama, tunapendeza kwa mbali. Je, chini yetu wako vijana wanaokua? Au tumewafyeka kwa ukali wetu, ili chini pawe safi?

Zakayo aliposhuka mtini hakutubu kwa maneno tu, bali aliahidi kurudisha mara nne. Nami kwa kila mti ulioanguka napanda minne ya asili, na kando ya kijito nimeacha kabisa kufyeka. Kivuli cha miti hiyo sitakikalia mimi. Watakikalia wajukuu, na pengine wajukuu wa wale waliochota tope langu.

Serikali iliutenga msitu wa Amani kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, nasi tunashukuru. Lakini mlinzi wa hifadhi hafiki katika kila shamba. Huko kwetu mlinzi ni wewe. Wiki hii, kabla hujainua panga, inama kwanza utazame chini. Ukiona mche wa mti wa msituni, uache.

Ee Mungu, uliyetupa nchi hii tuilime na kuitunza, utusamehe tuliyoyafyeka bila kujua, na yale tuliyofyeka tukijua. Utupe moyo wa kuwaachia nafasi wanaokuja, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.