Kizuizi cha Hiari: Juu ya Ugumu wa Michezo ya Video

Swali la iwapo michezo ya video irahisishwe ili kila mtu aimudu, au ikazwe ili ushindi wake uwe na uzito, huchukuliwa na wengi kuwa suala la mapendeleo tu, kana kwamba apendaye magumu na apendaye mepesi hawana la kubishania. Mtazamo huo hautoshi, kwa maana ndani ya swali hilo limo swali la kale la falsafa ya maadili, yaani taaluma inayochunguza jinsi inavyompasa binadamu kuishi: je, taabu ina thamani yake yenyewe, au thamani hiyo hutokana tu na kile kinachopatikana baada yake? Katika kazi jibu si gumu, kwa sababu mkulima ambaye angeweza kuvuna mahindi yaleyale bila kuinamia jembe asingelaumiwa na yeyote kwa kuliacha. Katika mchezo mambo hugeuka, kwani mchezaji aliyeondolewa taabu yote hubaki hana alichokifanya.

Mwanafalsafa Bernard Suits, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alilifafanua jambo hili katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978. Kwa maoni yake, kucheza mchezo ni kujaribu kwa hiari kuvishinda vizuizi visivyo vya lazima. Mchezaji wa gofu anataka mpira uingie shimoni, na angeweza kuubeba kwa mkono na kuutumbukiza, lakini anakubali kuupiga kwa fimbo kutoka mbali kwa kuwa bila sharti hilo hakuna gofu. Utayari wa kuzikubali kanuni zinazofunga njia ya mkato, kwa sababu tu kanuni hizo ndizo zinazouwezesha mchezo kuwepo, Suits aliuona kuwa kiini cha kucheza kote. Tena alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba katika ulimwengu ambao mahitaji yote ya binadamu yametimizwa bila jasho, shughuli ambayo ingebaki kuwa na maana ni michezo, kwa kuwa watu wangelazimika kujibunia vizuizi ili wapate la kufanya.

Fasili hiyo inabeba mambo mawili, kizuizi na hiari, na sehemu kubwa ya mabishano kuhusu ugumu wa michezo ya video hushika la kwanza na kulisahau la pili. Mwaka 2019, kampuni ya Kijapani ya FromSoftware ilipotoa mchezo wa Sekiro, ambao haumpi mchezaji nafasi ya kuchagua kiwango cha ugumu, mjadala mkali ulizuka baina ya waliotaka mchezo huo uwe na njia rahisi na walioona kwamba njia rahisi ingeuua. Mkuu wa kampuni hiyo, Hidetaka Miyazaki, alieleza kwamba nia yao ni kuwakutanisha wachezaji wote na changamoto moja, ili wote washiriki furaha moja ya kuishinda. Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kupuuzwa kama kiburi cha mafundi. Kitu kigumu kinachofanana kwa wote hujenga jumuiya ya watu wanaoelewana kuhusu walichopitia, na mbuni, kama mtunzi wa tenzi, ana haki ya kushika umbo alilolichagua.

Hata hivyo upande wa pili nao una watetezi wazito, na baadhi yao waliishi karne nyingi kabla ya kompyuta. Aristotle, katika kitabu cha kumi cha Maadili ya Nikomako, aliona burudani kuwa ni mapumziko ya kumrudishia mtu nguvu za shughuli zenye uzito, si lengo la maisha. Imam Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, alishauri kwamba mtoto anapotoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri utakaomwondolea uchovu wa masomo, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumkalisha darasani daima huufisha moyo wake. Na aliongeza sharti kwamba mchezo huo usiwe wa kumchosha. Sharti hili linastahili kutafakariwa na kila anayedharau michezo myepesi. Mtu aliyeshinda kutwa sokoni au hospitalini, akaketi usiku mbele ya skrini kwa muda mfupi, hana deni la kumthibitishia yeyote uhodari wake.

Namna ya kupatanisha madai haya inaanza kuonekana katika kazi ya mwanafalsafa C. Thi Nguyen, ambaye katika Games: Agency as Art ya mwaka 2020 anatenganisha aina mbili za kucheza. Ipo ya kutafuta ushindi, ambayo mchezaji anautaka ushindi kwa ajili yake au kwa faida inayofuata, na ipo ya kutafuta jitihada, ambayo mchezaji anajiwekea nia ya kushinda ili tu aonje mapambano yenyewe. Mchezaji wa aina ya pili hufanya jambo la ajabu: hupigania lengo kwa moyo wote ilhali hana haja nalo nje ya mchezo. Kwake, ugumu ni chakula chenyewe. Lakini chakula hicho hakiwezi kupimwa kwa kukitazama kifaa peke yake, kwa sababu ugumu ni uhusiano baina ya kazi na mtendaji, wala haukai ndani ya programu kama namba iliyoandikwa humo. Adui anayemtaka mchezaji abonyeze kitufe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ni fumbo la kuvutia kwa kijana mwenye vidole vyepesi, na ni ukuta usiopitika kwa mtu ambaye mikono yake inatetemeka kwa maradhi. Kusema kwamba wawili hao wamekutana na changamoto moja ni kuchanganya kipimo cha mashine na uzoefu wa binadamu, na hapa ndipo hoja ya Miyazaki inapopungukiwa.

Mchezo wa Celeste, uliotolewa mwaka 2018, uliliona tatizo hili na kulijibu kwa heshima. Ni mchezo mgumu sana, unaomhusu msichana anayepanda mlima huku akipambana na hofu iliyo ndani yake, na mchezaji huanguka mara nyingi mno kabla ya kufika kileleni. Pamoja na hayo wabuni wake waliweka nyenzo za msaada zinazomruhusu mchezaji kupunguza kasi ya mchezo, kupewa nguvu zisizoisha za kung'ang'ania ukuta, au hata kutodhurika kabisa. Mlima haukubomolewa, aliyetaka kuupanda bila msaada bado anaukuta vilevile. Mwaka 2020, mchezo wa The Last of Us Part II ulikuja na zaidi ya mipangilio 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu, kiasi kwamba mtu asiyeona anaweza kuucheza hadi mwisho. Pwani ya Afrika Mashariki hekima hii si ngeni: bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina ndugu yake mwepesi, bao la kujifunza, na hakuna fundi wa bao aliyewahi kupungukiwa na hadhi kwa kuwa watoto wanacheza lile jepesi kando yake.

Lipo pingamizi moja lenye uzito kuliko mengine. Mlango wa kutokea ukiwa wazi muda wote, huenda aliyekaribia kufaulu akautumia wakati ule hasa ambao subira ilikuwa inaanza kuzaa. Jesper Juul, mtafiti wa michezo kutoka Denmark, alionyesha katika The Art of Failure ya mwaka 2013 kwamba binadamu hukwepa kushindwa maishani lakini huifuata michezo ambayo atashindwa humo mara kwa mara; basi anayerahisishiwa mapema hunyang'anywa kushindwa kule alikokufuata. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linachohitaji ni mpangilio mzuri wa milango, si kufungwa kwa milango yote. Elden Ring, kazi nyingine ya FromSoftware, iliyotoka mwaka 2022 na kuuza zaidi ya nakala milioni 20 katika mwaka wake wa kwanza, ilimwachia mchezaji aliyeshindwa na adui aondoke, azurure kwingine, aongeze nguvu, aite msaidizi, kisha arudi. Msaada umefumwa ndani ya safari, na anayeutumia bado anatenda. Ustahimilivu wa mtu aliyekuwa na njia ya kuondoka, asiondoke, ni fadhila kamili zaidi kuliko wa yule aliyefungiwa ndani.

Kuna ugumu wa namna nyingine ambao hauna utetezi, nao ni ule unaopandwa ili wepesi uuzwe. Mizizi yake ni mashine za kutumbukiza sarafu za miaka ya 1970 na 1980, zama za Space Invaders na Pac-Man, ambapo pato la mwenye mashine lilitegemea mchezaji ashindwe upesi na kutumbukiza sarafu nyingine. Leo hali hiyo imo katika simu. Katika Candy Crush Saga, iliyoanza mwaka 2012, mchezaji hupewa uhai mara tano. Kila anaposhindwa hupoteza mmoja, na ukiisha hungoja nusu saa ili mmoja urudi, au alipe. Hatua anazopungukiwa ili amalize fumbo nazo huuzwa pale pale, akiwa bado na uchungu wa kukosa kidogo tu. Hapa kizuizi kipo lakini hiari imedhoofishwa, kwa kuwa mchezaji anadhani anajaribiwa akili ilhali kinachojaribiwa ni mfuko wake. Jambo hili linagusa haki, na linawagusa zaidi watoto, ambao hawana uwezo wa kutofautisha fumbo na mtego.

Kwa hiyo mbuni hana wajibu wa kuufanya mchezo wake uwe mwepesi, na anayedai hivyo anadai kisicho haki yake. Ana wajibu wa kuhakikisha kwamba macho, masikio na vidole vya mtu si ndivyo vinavyomfungia nje, na kwamba anayeshindwa anaweza kuona kwa nini ameshindwa. Mchezo uliobuniwa ili kushindwa kwa mchezaji kuwe chanzo cha mapato haustahili kuitwa mgumu wala mwepesi. Unastahili kukataliwa, na wazazi wanaowaachia watoto simu zao wana kila sababu ya kuukataa kwanza.